Masaa 45 ya aibu

Najua nimeadimika, test zimebana halafu bumu nalo likachelewa. Leo sina stori za kantini, nina hasira kidogo, mnivumilie.

Mwezi uliopita rumeti wangu (kaniruhusu niandike, ila jina simtaji ng'o) kondomu iliwapasukia Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi akaenda duka la dawa. Muuzaji, mtu mzima kabisa wa kuamkiwa shikamoo, akamuuliza kwa sauti mbele ya watu: "P2? Ya nani hiyo, binti? Kwenu wanajua?" Mwenzangu akanunua Panadol, akarudi zake. Jumatatu jioni ndo akaniambia. Masaa 45 yashapita hapo!

Tukaenda duka jingine. Mama wa pale akauliza kitu kimoja tu: "Ni lini?" Akatupa, akaeleza, tukaondoka.

Hoja yangu ni hii: dawa hii inashindana na saa, na aibu tunayowapa mabinti inakula saa hizo. Kidonge cha levonogestreli kinatakiwa kimezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya masaa 72. Mpaka siku ya 5 chaweza kusaidia, ila nguvu inazidi kupungua. Dozi ni mg 1.5: kama pakiti ina vidonge 2 vya mg 0.75, meza vyote kwa mpigo. Ukitapika ndani ya masaa 2, rudia. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki, pima. Kitanzi cha shaba kikiwekwa hospitali ndani ya siku 5 kinazuia vizuri kuliko kidonge chochote. Wanaotumia dawa za kifua kikuu, kifafa au baadhi ya ARV wamwambie mfamasia, maana zipo zinazopunguza nguvu ya kidonge.

Eti "P2 inatoa mimba". Si kweli jamani! Inachelewesha yai lisitoke. Mimba ikishatunga, haiitoi. Eti "inaharibu kizazi". Hapana, haikuzuii kuzaa baadaye. Ila si ya kumeza kila wikiendi, kwa hilo kuna njia za kawaida, zenye uhakika zaidi. Na haizuii VVU. Ukihofia hilo, wahi hospitali ndani ya masaa 72 upewe PEP.

Kaka zangu mnaosoma hapa, nanyi nendeni dukani. Kondomu iliwapasukia wawili, kwa nini aibu aibebe mmoja?

Sasa niwaambie kinachonikera zaidi. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, binti wa kidato cha tatu alibaki darasani baada ya kipindi, akaniuliza hivyo vidonge vinafanyaje kazi. Mimi mwalimu mtarajiwa nikamjibu: "Hayo utayajua ukikua." Hakuniuliza tena kitu mpaka naondoka. Kwa hiyo yule muuzaji ninayemsema, mimi nilishakuwa yeye, tena nikiwa na chaki mkononi.

Rumeti kapata hedhi yake, tunamshukuru Mungu. Yule binti sijui alikwenda kumuuliza nani. Mwaka huu nikirudi shuleni, atakayeniuliza nitamjibu. Na nyie walimu wenzangu mjiandae, maana mtaulizwa tu.

Haya, naenda kudesa, kesho kuna test. Tupo pamoja.