MWALIMU MGENI: TUMPIME KWA KIPI?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao. Amma baad.



Jambo tunalotaka kulizungumza katika toleo hili ni lile ambalo wazazi wengi wamekuwa wakituuliza, baadhi yao baada ya sala na wengine kwa kuwatuma watoto. Katika shule za sekondari wanazosoma watoto wetu asubuhi, kabla ya kuja madrasa jioni, huja walimu wa kujitolea kutoka nchi za nje. Mzazi mmoja husema, "Huyu amekuja kutuharibia watoto." Mwengine husema, "Bora huyu, maana wa kwetu hawaingii darasani." Nani kati yao mkweli? Sisi tunaona kuwa wote wawili wanapima kwa pishi mbovu. Wa kwanza anapima kwa khofu, na wa pili anapima kwa hasira. Muislamu ametakiwa apime kwa uadilifu, hata kama anayepimwa si wa dini yake wala si wa kabila lake.

WALITOKA WAPI?

Kwanza tujue tunachokizungumza. Waingereza walianzisha shirika lao la kujitolea, VSO, mwaka 1958, na mwanzoni lilikuwa likiwapeleka nje vijana waliomaliza shule. Wamarekani walianzisha Peace Corps mwaka 1961, wakati wa Rais Kennedy, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wao. Waliondoka Tanzania mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Wajapani nao walianza mpango wao mwaka 1965. Kwa hiyo jambo hili si geni. Wapo mababu wa wanafunzi wetu waliofundishwa hesabu na walimu wa namna hii.

Wakaja tena kwa wingi wa haja miaka ya 2000. Serikali yetu ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, shule za kata zilijengwa kila upande. Majengo yalisimama, lakini walimu wa hesabu, fizikia na kemia hawakupatikana kwa kasi ya kufyatua matofali. Pengo hilo ndilo lililowapa wageni hawa nafasi ya kuingia darasani, nasi tusilisahau tunapowalaumu au kuwasifu.

MAISHA YAO YA KILA SIKU

Tumewaona, na tumekaa nao mtaa mmoja. Yule anayekuja kwa miaka miwili hupewa kwanza mafunzo ya kiasi cha miezi mitatu, na katika muda huo huishi na familia ya wenyeji. Hapo ndipo anapojifunza Kiswahili: si kwenye daftari tu, bali jikoni, kisimani na kwenye mkeka. Anafundishwa kula kwa mkono wa kulia, kuvua viatu mlangoni, kuitikia shikamoo, na kwamba mtu hapiti mbele ya wazee wa barazani bila ya kusalimu. Kisha hupelekwa kijiji ambacho hakukichagua.

Huko anaamka alfajiri kwa adhana ambayo hakuizoea. Anabeba ndoo. Anapuliza mkaa, moshi unamtoa machozi, na chai inachelewa. Shuleni anakuta darasa limejaa, kitabu kimoja kwa watoto wengi, na watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili sasa wanatakiwa waifahamu kemia kwa Kiingereza. Anazungumza haraka, hawamfahamu, wanaitika "yes" kwa adabu. Akisahihisha mtihani ndipo anapogundua kuwa wiki tatu zimepita bure. Hapo mwalimu mzuri hujulikana: hupunguza mwendo, huchora ubaoni, huomba msaada wa mwalimu mwenziwe mwenyeji, na huanza upya.

Jioni watoto humfuata wakimwita "mzungu, mzungu," kana kwamba hakupewa jina na mama yake. Sokoni hutajiwa bei mara mbili. Akiugua malaria hana dada wa kumpikia uji. Sikukuu za kwao zinapita akiwa peke yake na taa yake. Na mwezi wa Ramadhani ukiingia, hujifungia ndani kula mchana kwa kuwaheshimu majirani, kisha jua likizama husikia hodi: mtoto ameletwa na sahani ya futari. Huo ndio Uislamu anaouona yeye. Hakuusoma kwenye vitabu vyetu, aliusoma kwenye sahani ile. Basi kila nyumba ijiulize: sisi tumemsomesha nini huyu mwalimu?

KHOFU ZA WAZAZI

Hatusemi kuwa khofu za wazazi ni upuuzi. Mzazi ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Lakini khofu nayo ina haki ya kuchambuliwa.

Wengine wanasema walimu hawa ni mapadri waliovaa shati. Ukweli ni kwamba mashirika hayako sawa. Yapo ya makanisa, ambayo lengo lao linajulikana na wenyewe hawalifichi. Yapo ya serikali, kama Peace Corps, ambayo watu wake wamekatazwa kuhubiri dini katika kazi yao. Wengine wanasema ni majasusi. Peace Corps ina kanuni ya zamani ya kutowapokea watu waliofanya kazi katika idara ya ujasusi ya Marekani. Mzazi hakatazwi kuuliza, bali ni wajibu wake kuuliza: shirika gani limemleta, anasomesha somo gani, na nani anamsimamia. Mwenye kuuliza si mgomvi. Mgomvi ni yule anayesambaza uvumi bila ya kuuliza.

Ama kuhusu mabinti zetu, sheria yetu iko wazi, nayo haichagui rangi. Mwanamume asiye maharimu hakai faragha na mwanafunzi wa kike, awe ametoka Ulaya au amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Masomo ya ziada yafanyike mlango ukiwa wazi, wanafunzi wakiwa wengi. Tukiliweka sharti hili kwa mgeni peke yake tutakuwa tumefanya ubaguzi, na tutakuwa tumewaacha watoto wetu bila ya ulinzi pale tunapodhani pana usalama.

Na wapo wanaosema kwamba hatuna cha kujifunza kwa asiyekuwa Muislamu. Hao tunawakumbusha Badr. Mateka wa Kikureshi waliokuwa hawana mali ya kujikomboa, fidia yao ilifanywa kuwa ni kuwafundisha watoto wa Answari kuandika. Walikuwa washirikina waliokuja kupigana, na bado Mtume (s.a.w.) hakuona aibu elimu ya kalamu kupita mikononi mwao. Ikiwa hivyo kwa aliyekuja na upanga, vipi kwa aliyekuja na chaki?

SI KILA AJAYE NI MWALIMU

Pamoja na hayo, ipo aina nyengine ambayo sisi hatuikubali, na tunasema waziwazi. Huyu huja kwa wiki mbili au tatu. Amelilipa shirika la safari fedha nyingi ili "ajitolee." Hajui Kiswahili, hakusomea ualimu, na kwao asingeruhusiwa kusimama mbele ya darasa hata siku moja. Kwetu anapewa darasa zima. Anaimba na watoto, anagawa pipi, anapiga picha amempakata mtoto asiyejua jina lake, kisha anaondoka. Wiki inayofuata anakuja mwengine anaanza tena na herufi A. Watoto hao wamejifunza nini, ila kuaga?

Ubaya huzidi inapofika kwa mayatima. Huko Cambodia, uchunguzi wa Serikali pamoja na UNICEF ulionesha kuwa wengi wa watoto waliowekwa katika vituo vya mayatima walikuwa na mzazi aliye hai. Umasikini ndio uliowatoa majumbani, na wageni wenye huruma na fedha wakafanya vituo viongezeke. Sisi Waislamu tunajua yatima ni nani, na tunajua kuwa hata aliyefiwa na baba ana mama, ana ami, ana mjomba. Mtoto si kivutio cha watalii. Madrasa yoyote itakayotaka kuwapanga watoto mstari ili wapigwe picha kwa ajili ya msaada, imeuza heshima ya mtoto kwa bei ya gunia la mchele.

Basi pishi yetu iwe na vipimo vitatu. Je, amejifunza lugha yetu? Je, anakaa muda wa kutosha kumfikisha mwanafunzi mahali? Je, akiondoka ameacha mtu wa kuendelea? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wa wiki mbili hajaligusa jembe. Wa miaka miwili amelima, na haki yake ni shukrani, kwani tumefundishwa kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu.

NA SISI JE?

Wapenzi wanafunzi, sasa maneno haya yanageukia kwenu, na kwetu sisi walimu pia. Kuacha nyumba kwenda kusomesha ugenini si mila ya Wazungu. Ni sunna ya watu wetu tuliyoiwacha njiani.

Mus'ab bin Umayr (r.a.) alikuwa kijana wa Makka aliyelelewa katika neema, akijulikana kwa nguo nzuri na manukato. Mtume (s.a.w.) alimtuma Yathrib kabla ya Hijra awe mwalimu wao. Alikaa katika nyumba ya As'ad bin Zurara (r.a.), akawasomesha Qur'an mtu mmoja mmoja, akawavumilia waliomjia kwa hasira. Usayd bin Hudhayr alimjia na mkuki, akaombwa akae asikilize tu, akaondoka akiwa Muislamu. Mus'ab alipouawa Uhud hakuwa na sanda ya kumtosha. Wakimfunika kichwa miguu hubaki wazi. Muadh bin Jabal na Abu Musa (r.a.) walipotumwa Yemen, wosia waliopewa ni kwamba warahisishe mambo wala wasiwatie watu uzito. Huo ni wosia kwa kila mwalimu aliye ugenini.

Tukirudi pwani yetu, Habib Saleh alizaliwa Ngazija, akahamia Lamu, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1935. Aliwasomesha watumwa na watoto wao, watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha. Na katika zama zetu, Dokta Abdulrahman al-Sumait wa Kuwait aliacha hospitali na raha za kwao, akatumia sehemu kubwa ya umri wake katika Afrika akijenga shule, visima na zahanati. Alipopewa Tuzo ya Mfalme Faisal mwaka 1996, fedha zake alizitoa kwa ajili ya elimu ya watoto wa Afrika. Alifariki mwaka 2013.

Kwa nini tunayasema haya? Kwa sababu mwezi wa Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoenea, Peace Corps iliwarudisha kwao watu wake wote duniani, zaidi ya 7,000, kwa muda wa siku chache. Nchini Kenya shughuli zao zilikuwa zimesimamishwa tokea mwaka 2014 kwa sababu za usalama. Mgeni ana kwao, na siku ya dhiki ataitwa kwao. Hatumlaumu. Lakini mtoto aliyeachwa katikati ya hesabu atamaliziwa na nani, kama wa kwao wote wanakimbilia mjini?

Sasa tizameni. Mtihani wa kidato cha nne humalizika Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Ni zaidi ya miezi saba. Wengi wenu huimaliza barazani na kwenye simu. Wakati huo huo, zipo madrasa za mashambani ambazo mwalimu ni mmoja, mzee, watoto hawasahihishiwi, na hesabu za shule hakuna wa kuwaelekeza. Huna haja ya pasi ya kusafiria kwenda huko, nauli ya basi inatosha. Utakuwa mgeni, utabeba ndoo, utalala kwenye mkeka wa watu, utawakumbuka wa nyumbani. Na utagundua kuwa suratul Mulk unayoijua kwa moyo, na milinganyo ya hesabu unayoiona rahisi, kwa mtoto yule ni hazina.

Pendekezo letu kwa uongozi wa madrasa na kwa wazazi ni hili: kila mwaka tuteue vijana wa kiume wanne au watano waliomaliza kidato cha nne, wenye tabia njema, tuwapeleke kwa miezi mitatu isiyopungua, wawili wawili, kwa makubaliano na wazee wa kijiji. Wazazi wachange nauli na chakula, ili wasiwe mzigo kwa wenyeji wao. Mabinti wasomeshe katika madrasa za jirani, wakirudi majumbani mwao kila siku. Na anayerudi aeleze mbele ya wenziwe alichosomesha na alichosomeshwa.

Tukifanya hivyo, hatutakuwa tena na haja ya kubishana barazani juu ya mwalimu mgeni. Tutakuwa tunamjua, kwa sababu watoto wetu watakuwa wamekuwa yeye.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku elimu yenye manufaa, atujaalie ikhlasi katika kuifikisha, na awalipe kheri wote waliotusomesha, wa karibu na wa mbali. Amin.

Wabillahi tawfiq.