Ukurasa wa Waimbaji: Mwalimu wa Kwaya na Kijana Aliyenyamazishwa

Mwezi huu twapenda kusema nanyi, hasa walimu wa kwaya wa vijiji vya Kibondo na Kasulu, juu ya kuwafundisha vijana kuimba. Wengi huidhani kazi hii kuwa nyepesi, kwa kuwa katika nchi yetu ya Buha mtoto husikia nyimbo tangu angali mgongoni mwa mama yake. Lakini kuimba ni jambo moja, na kufundisha kuimba ni jambo jingine.

Tukisoma Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 15, twamkuta Kenania, mkuu wa Walawi, aliyewekwa kufundisha nyimbo kwa sababu alikuwa stadi. Na katika sura ya 25 twaona waimbaji 288 wakipigiwa kura za zamu zao, mdogo sawasawa na mkubwa, mwalimu sawasawa na mwanafunzi. Mambo haya mawili yashikwe pamoja: mwalimu hana budi kuwa stadi, wala ustadi wake usimtie kiburi. Mimi nililishika la kwanza, nikalisahau la pili. Nitawaeleza yaliyonipata, ili mwingine asianguke pale nilipoanguka.

Nilipoanza kuongoza kwaya, miaka mingi iliyopita, alikuwapo kijana wa miaka kama 14, mwana wa mjane, asiyekosa mazoezi hata siku moja. Aliimba sauti ya kwanza pamoja na wasichana, na sauti yake ilikuwa safi kama maji ya kijito. Siku za Krismasi zilipokaribia, sauti ile ikaanza kukwaruza. Mara yapanda, mara yavunjika katikati ya wimbo, na wenzake wakacheka. Nilimwonya mara ya kwanza, nikamwonya mara ya pili. Mara ya tatu nikamwambia mbele ya watu wote anyamaze, asituharibie sikukuu. Hakunijibu neno. Alikunja daftari lake, akatoka. Jumapili iliyofuata hakuonekana kanisani, wala ile ya pili yake.

Mzee mmoja wa kanisa akaniita kando, akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulipokuwa na umri wa kijana yule, sauti yako ilikuwaje?" Nikaona haya, maana nilikumbuka kwamba hata mimi nilikwaruza vivyo hivyo.

Ndugu zangu, jambo hili si ukaidi wala uvivu. Mvulana akianza kubalehe, koo lake hukua, na zile nyuzi za sauti zilizo ndani yake hurefuka na kunenepa. Kama vile uzi mnene wa zeze utoavyo mlio mzito kuliko uzi mwembamba, ndivyo sauti yake ishukavyo, karibu hatua nane nzima, yaani toka do ya juu hata do ya chini. Kazi hii ya mwili huchukua miezi mingi, na kwa wengine hupita mwaka. Mwalimu mwenye akili hamlazimishi kijana kupiga sauti za juu wakati huo, wala hamfukuzi. Humpa nota chache za katikati azifikiazo bila kujikaza, huwakataza wenzake kucheka, na kila baada ya majuma machache humsikiliza tena aone ilipofika.

Basi nilikwenda nyumbani kwao. Mama yake alikuwa uani akipura maharage. Alinikaribisha vizuri, wala hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko lawama. Akasema, "Mwalimu, mwanangu hakuacha kuimba. Huimba shambani akiwa peke yake. Sauti yake sasa ni kama ya marehemu baba yake." Kijana alipotoka ndani, nilimwambia, "Mwanangu, mimi ndimi niliyekosa, nakuomba unisamehe." Si desturi yetu mkubwa kumwomba radhi mdogo, na ulimi wangu ulikuwa mzito. Akatazama chini, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mazoezi ni siku gani?" Alirudi, na baada ya mwaka alisimama katika sauti ya nne, wenziwe wakamfuata. Lakini kabla yake nilikuwa nimekwisha kuwafukuza wengine wawili kwa kosa lilo hilo. Hao hawakurudi kamwe.

Tangu siku ile nafundisha kwa namna nyingine. Kwanza, namsikiliza kila mwanafunzi peke yake, mahali pasipo watu, kabla ya kumpa sauti yake.

Pili, sikinai wanafunzi wakikariri tu. Nawafundisha solfa, wapate kusoma wimbo wasioujua. Njia hii ilianzwa na Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich huko Uingereza, ikaendelezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, ili hata maskini wajue kusoma muziki. Herufi zake huchapwa na mtambo wowote wa kuchapia vitabu, basi wamisionari wakaieneza upesi katika Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na mwongozaji wa kwaya katika Afrika Kusini, aliandika nyimbo zake kwa solfa. Na sauti aliyoitunga mwaka 1897 ndiyo tuimbayo katika wimbo wa taifa letu. Nani ajuaye ni nani amesimama nyuma kabisa katika kwaya yako?

Tatu, tuyaheshimu maneno. Kwa Kiswahili nguvu ya sauti huwa kwa kawaida katika silabi ya pili toka mwisho. Neno "barabara" ukilitamka kwa desturi hiyo ni njia. Ukiipeleka nguvu mbele zaidi, maana yake ni sawasawa kabisa. Basi pigo zito la wimbo likiangukia mahali pasipofaa, msikilizaji hupotea. Na kwa Kiha yatupasa kuangalia zaidi, maana kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Ukilitia neno katika wimbo wa kigeni bila kufikiri, waweza kulipotosha. Kabla hamjaimba, wasomeni maneno pamoja kwa sauti ya kawaida, na mzee ajuaye lugha awepo.

Mwisho, sikukuu ikikaribia, mwalimu ajiulize: je, naitengeneza kwaya kwa ajili ya wimbo, au wimbo kwa ajili ya watu hawa niliopewa? Wimbo uliokosewa Krismasi hii waweza kuimbwa vema Pasaka. Lakini kijana aliyeaibishwa mbele ya watu, akatoka mlangoni, pengine hutampata tena.

Kama yuko mmoja uliyemnyamazisha, usingoje Jumapili. Nenda kwao leo.

Ndugu yenu katika Bwana,
Mwalimu wa Kwaya