Kazi za Mikono: Pikipiki Kuukuu ya Mapigo Mawili

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za pikipiki za zamani, zile za mapigo mawili, ambazo moshi wake wa buluu hukaa njiani hata baada ya mpandaji kupita. Siku hizi pikipiki nyingi ziuzwazo madukani ni za mapigo manne; lakini zile za kale hazijakwisha. Zimo katika nyumba za walimu, chini ya maturubai. Nyingine zimerithiwa kwa wazee, nyingine zimenunuliwa kwa bei nafuu kwa sababu mwenyewe amechoka kuzipiga kiki. Si vyombo vibaya. Mara nyingi ubaya hutoka katika mkono wa mtu mwenye haraka, nasi tumekuwa mtu huyo.

Siku moja ya mvua za vuli tulikwenda zahanati kumtwalia dawa mtoto wa jirani yetu. Katika kurudi, dawa i mfukoni, injini ikaanza kukohoa, ikazimika. Tukangoja kidogo, tukapiga kiki, ikawaka. Tukaenda kama kilomita 2, ikazimika tena. Hatukujiuliza neno. Tuliufunga mfereji wa petroli, tukatoa spana, tukaifungua kabureta pale pale majanini. Jeti, yaani kile kiskurubu cha shaba chenye kitundu kipimacho petroli, ikatuponyoka. Tukaitafuta hata jua likawa karibu kuchwa, wala hatukuiona.

Ndipo akapita kijana mwenye baiskeli. Alipokwisha kusikia habari zetu, alifungua kifuniko cha tangi tu, nayo hewa ikaingia kwa sauti, fyuu. Kifuniko kile kina kitundu chembamba cha kupitisha hewa, nacho kilikuwa kimezibwa na tope. Hewa isipoingia, petroli haishuki. Kumbe dawa ya ugonjwa ule ilikuwa kijiti na dakika moja! Lakini sasa hatukuwa na jeti. Kijana yule akaigeuza baiskeli yake, akaipeleka dawa. Sisi tukasukuma pikipiki hata usiku. Mtoto alipona, lakini mama yake alikuwa amekaa kizingitini tangu adhuhuri, akisikiliza mlio wa injini usiokuja. Tangu siku ile hatufungui skurubu hata moja kabla ya kujiuliza maswali.

Yafaa kwanza mjue tabia ya mashine yenyewe. Katika injini ya mapigo manne, mafuta ya kulainisha hukaa ndani ya injini, huzunguka na kurudi. Katika ya mapigo mawili sivyo. Petroli na hewa huvutwa kwanza chini ya pistoni, katika chumba cha krenki, kisha husukumwa juu kwa njia ya matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Mafuta husafiri pamoja nayo, hulainisha beringi na ukuta wa silinda, kisha huungua na kutoka kuwa moshi. Hayarudi mara ya pili. Basi ikiwa mafuta yamechanganywa na petroli, injini inyimwapo petroli imenyimwa na mafuta pia. Lishikeni neno hili moja, na mengine yote yatafahamika.

Umbo hili ni la miaka mingi. Kiwanda cha DKW cha Ujerumani kilitoa pikipiki yake RT 125 mwaka 1939. Baada ya vita Waingereza waliifuata katika BSA Bantam ya mwaka 1948, na Wajapani katika YA-1 ya mwaka 1955, iliyo pikipiki ya kwanza ya Yamaha. Kwa hiyo ajifunzaye moja amejifunza karibu ukoo mzima. Mwaka 1964 Yamaha walianza kutia pampu ndogo iitwayo Autolube, iletayo mafuta kutoka tangi lake lenyewe. Pikipiki kama AG 100 inayo pampu hiyo.

Ikiwa yenu haina pampu, changanyeni kwa kipimo cha kitabu chake. Kitabu kikisema sehemu 1 kwa 25, petroli lita 5 hutaka mafuta mililita 200. Kikisema 1 kwa 20, hutaka mililita 250. Pimeni kwa chupa yenye alama, wala si kwa jicho. Changanyeni katika debe safi, mkatikise vema, ndipo mmimine tangini. Mafuta yawe yale ya injini za mapigo mawili. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka motakaa msiyatie kamwe. Ikiwa pampu ipo, tazameni tangi la mafuta kila mtiapo petroli. Tangi hilo likikauka, hewa huingia katika bomba lake, na kulijaza tu hakutoshi: hapana budi kuitoa ile hewa kwanza. Mpaka mtakapoona hakika kwamba pampu yasukuma, changanyeni mafuta na petroli pia.

Sasa, injini ikikataa kuwaka, ulizeni kwa taratibu hii, wala msiruke hata hatua moja.

Kwanza, petroli. Je, imo tangini? Mfereji wazi? Kitundu cha kifuniko safi? Injini iwakayo baada ya kupumzika, kisha ikazimika tena mbele kidogo, mara nyingi yawaambia kwamba petroli yashuka kwa shida.

Pili, plagi. Ifungueni mkaitazame, maana ndiyo ulimi wa injini. Ikiwa kavu baada ya kupiga kiki mara nyingi, petroli haifiki. Tazameni bomba, chujio, kisha kabureta, nayo ifungulieni juu ya sinia au kitambaa cheupe, si majanini. Jeti hupulizwa, msiichokoe kwa waya, kwa kuwa waya hupanua kitundu. Ikiwa plagi imelowa, fungeni petroli, zungusheni akseleta mpaka mwisho, pigeni kiki mara kadhaa plagi ikiwa nje na waya wake umegusishwa chuma mbali na tundu, kisha ikausheni na kuirudisha. Kwa injini iliyokwisha kwenda, rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi yenye unyevu yaonyesha petroli au mafuta kuzidi. Nyeupe yaonyesha joto na uhaba wa petroli, nayo ni hatari.

Tatu, cheche. Pangusa petroli iliyomwagika, igusishe plagi na chuma cha injini, mbali na tundu lake, upige kiki. Cheche ikiwa nguvu na ya buluu, vema. Isipoonekana, jaribuni plagi nyingine kabla ya kulaumu lolote. Kisha tazameni kofia ya plagi na waya wake, na waya wa swichi ya kuzimia, ambao ukichunika na kugusa chuma huzima cheche yote. Mashine za zamani zina pointi. Zisafisheni, mkapime nafasi yake, ambayo kwa nyingi ni milimita 0.3 hata 0.4. Nafasi ya plagi kwa nyingi ni milimita 0.6 hata 0.7. Lakini kitabu cha mashine ndicho hakimu.

Nne, pumzi. Petroli ikiwapo na cheche ikiwapo, pigeni kiki polepole kwa mkono. Isipokaza, huenda ringi zimelika au gasketi ya juu imepasuka. Ikivuma yenyewe kwa kasi ingawa akseleta imefungwa, izimeni: huenda hewa yapenya penye mpira wa kabureta au penye sili ya krenki. Moshi mweupe mzito usiokoma, pamoja na kupungua kwa oili ya gia, waonyesha sili ya upande wa klachi imekufa. Hiyo ni kazi ya fundi. Na ikiwa yawaka vizuri lakini yachoka mlimani, tazameni bomba la moshi. Mafuta yaunguayo huacha masizi magumu yanayolizibaziba. Kwanguni kwa kijiti kigumu, wala si kwa bisibisi, isije ikakwaruza silinda.

Kuitunza ni kazi ndogo ya kila juma. Chujio la sifongo lioshwe kwa maji ya sabuni, likamuliwe bila kusokotwa, likauke, litiwe mafuta kidogo. Vumbi lipitalo hapo ni msasa ndani ya silinda. Jioni fungeni mfereji wa petroli. Mchanganyiko uliokaa miezi msiutumie. Cheni ipakwe mafuta, na mkazo wake utazamwe.

Neno la mwisho ni la mteremko. Wengi hufunga akseleta kabisa, wakaiacha injini izuie mwendo mpaka bondeni. Kwa pikipiki ya mafuta yaliyochanganywa hilo ni kuiua kwa kiu, maana injini yazunguka upesi na mafuta yaingiayo ni machache mno. Tumieni breki, na mara kwa mara mfungue akseleta kidogo ipate kunywa. Mkisikia injini yakaza ghafula, shikeni klachi papo hapo, kabla gurudumu la nyuma halijafunga na kuwaangusha. Kisha iacheni ipoe, wala msiilazimishe.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Katika kisanduku cha spana wekeni plagi moja mpya, kipande cha msasa laini, kitambaa cheupe, na kijiti chembamba cha kuzibulia kifuniko cha tangi. Cha kwetu kimo tangu siku ile. Kila tukiombwa kwenda zahanati, hukitazama kwanza, ndipo tukapiga kiki.