Mtoto wa pumu aliyetoka dharura bado hajavuka

Kama mtoto wako amebanwa na pumu wiki hii, akakimbizwa idara ya dharura, akawekewa mashine ya mvuke, akatulia na mkaruhusiwa kurudi nyumbani, tafadhali soma haya leo. Hajapona. Kifua kimefunguka kwa sababu dawa ya salbutamol imelegeza misuli iliyokuwa imebana njia za hewa, na nguvu ya dawa hiyo huisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe na makohozi yaliyoziba njia hizo bado yamo. Kuyaondoa kunahitaji siku kadhaa na dawa ya aina nyingine. Wapo wanaobanwa upya usiku huo huo au kesho yake, wakati nyumba nzima imechoka na kila mtu anaamini shida imekwisha.

Uingereza ilichunguza kwa kina vifo 195 vya pumu na kutoa ripoti mwaka 2014. Mmoja kati ya kila kumi wa marehemu hao alikufa ndani ya siku 28 baada ya kuruhusiwa hospitalini, alikotibiwa pumu hiyo hiyo. Asilimia 45 walikufa bila kuita msaada, au kabla msaada haujawafikia. Hiyo ni nchi ambayo gari la wagonjwa huitwa kwa simu likaja. Miongozo ya kimataifa inataka mtoto aangaliwe tena ndani ya siku moja au mbili baada ya shambulio. Kwetu, mama huruhusiwa alfajiri akiwa na cheti cha dawa mkononi na maneno mawili matatu: mkiona tabu, rudini. Nauli ya kurudi hana, kazini wanamngoja, na mtoto anacheza. Nani atarudi?

Simu inaweza kuliziba pengo hilo, na naomba tuitumie kabla watoto wengine hawajaanguka. Muuguzi akipiga kwa video siku ya pili, mtoto akivuliwa shati na kukaa penye mwanga, mengi yanaonekana. Anaona kama nyama za katikati ya mbavu zinazama kila anapovuta hewa. Anahesabu pumzi kwa dakika nzima: kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi akiwa ametulia ni nyingi mno. Anasikia kama mtoto anamaliza sentensi bila kukatizwa na pumzi. Anauliza alilalaje, na kama vidonge vya prednisoloni vya kuondoa uvimbe, ambavyo kwa kawaida hutolewa kwa siku tatu hadi tano, vinamezwa au viliachwa siku ya kwanza mtoto alipochangamka.

Jambo ambalo video inalifaa kuliko yote ni kuangalia pampu inavyotumika. Mwambie muuguzi, "Nitazame ninavyompa." Ataona kama umeitikisa, kama barakoa imeshika uso vizuri, kama unabonyeza mara tatu kwa mpigo badala ya kubonyeza mara moja, kumwacha mtoto avute pumzi tano au sita, kisha kurudia. Ataona pia kama unampulizia mdomoni moja kwa moja bila spesa, yaani chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya pampu na mdomo, kosa ambalo huiacha dawa nyingi kooni. Spesa ikikosekana au ikiwa ghali, upo ufumbuzi wa muda: mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha pampu na kuzibwa kwa gundi pande zote, hufanya kazi vizuri kama spesa ya dukani. Ikiachwa bila kuzibwa, dawa inavuja. Hilo nalo muuguzi ataliona kwenye kioo cha simu.

Simu tupu, hata hivyo, haitibu. Huko Rochester, jimbo la New York, Jill Halterman na wenzake waliwafuatilia watoto 400 wenye umri wa miaka 3 hadi 10. Kundi moja lilipewa dawa ya kinga kila siku shuleni, chini ya uangalizi, na kuonwa na daktari kwa video. Waliokimbizwa dharura au kulazwa kwa pumu katika kundi hilo walikuwa asilimia 7, na kwa wenzao asilimia 15. Daktari wa mbali alikwenda pamoja na dawa iliyoingia kifuani kila siku. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye simu liwe hili: je, mtoto ana pampu ya kukinga, yenye dawa kama beklometasoni au budesonaidi, au ana ile ya kutuliza peke yake? Watoto wetu wengi hutoka na ile ya kutuliza tu, au na salbutamol ya maji, ambayo huchelewa kufanya kazi na kuwatetemesha mikono na kuharakisha mapigo ya moyo.

Sasa tahadhari ya pili, nayo ni nzito. Mtoto akibanwa, usitume ujumbe ukakaa kusubiri ujibiwe. Simu ya ufuatiliaji ni ya mtoto aliyetulia. Akishindwa kuongea, kunyonya au kunywa, mbavu zikizama, akilegea au kusinzia ovyo, au ikiwa nafuu ya pampu haidumu kwa saa nne, mpulizie dawa ya kutuliza kama mlivyoelekezwa na muanze safari ya hospitali, mkiendelea kumpulizia njiani. Kwa ngozi nyeusi usingoje uso ubadilike rangi: funua mdomo, tazama ulimi na ufizi. Kifua kilichokuwa kinapiga filimbi kikinyamaza ghafla huku mtoto bado anahangaika, hewa imekaribia kukoma kupita. Na kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni kisikutulize peke yake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa Wazungu.

Wapo pia wanaojiita madaktari kwenye makundi ya WhatsApp, wanaouza dawa ya kumaliza pumu kabisa na kumwambia mzazi atupe pampu. Usitume pesa. Jina la daktari huhakikiwa katika orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au ya baraza la madaktari na madaktari wa meno kwa Kenya. Anayekataza dawa ya kinga siku chache baada ya shambulio anamrudisha mtoto kwenye hatari.

Kwa wakuu wa hospitali: mnaoruhusu mtoto leo, andikeni kwenye karatasi yake saa ya kupigiwa kesho kutwa, namba itakayopiga, na jina la muuguzi. Mwekeeni muuguzi huyo vocha; asitoe mfukoni mwake. Asiye na simu janja apigiwe ya kawaida, na asiye na simu kabisa apewe mhudumu wa afya wa mtaani kwake atakayefika na simu yake. Na wewe mzazi, usiondoke hospitalini hadi ujue nani atakupigia. Wakisema hakuna utaratibu huo, omba namba ya chumba cha watoto, kisha upige wewe siku ya pili, hata kama mtoto anakimbia uwanjani.