Nani Katia Vema?

Tusemezane ukweli, ndugu wasomaji. Vyombo hivi vya mtandaoni vya kutia maoni pembeni mwa waraka, Google Docs na jamaa zake, vimesifiwa vya kutosha maofisini mwetu. Na sifa zenyewe si za uongo. Mmoja yuko Dodoma, wa pili Mwanza, wa tatu yumo ndani ya daladala, na wote wanauchokonoa waraka uleule saa ileile. Tena tangu 2014 unaweza kupendekeza sahihisho bila kumfutia mwenzio maneno yake. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na kialama kimoja tu: ile tiki, vema kama tulivyoiita shuleni.

Mwalimu alitia vema palipokuwa na jibu sahihi. Hapa vema haidai jibu lolote. Mwenye ruhusa ya kuhariri anabofya, na swali lako linaondoka pembeni, waraka unabaki mweupee kama kanzu ya Idi. Kumbe kuna mtu kachoka tu kuliona.

Chukua kijitabu cha kumwelekeza mkulima jinsi ya kunyunyizia mahindi dawa. Kimetafsiriwa mbiombio, kimeandikwa: vijiko viwili kwa bomba la lita 20. Kijana aliyepewa kukipitia anauliza pembeni: kijiko kipi? Swali la maana hilo! Cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15, yaani mara tatu. Bosi ana haraka ya mtambo wa kuchapia. Anatia vema. Hakujibu, hakukataa, wala hakutukana (afadhali angetukana, tungejua kasoma). Kijana naye, mkataba wake wa miezi mitatu, atathubutu kulifungua tena?

Msinielewe vibaya, siwalilii majalada ya masijala. Nani asiyejua jalada lilivyoweza kupotea mpaka litafutiwe chai? Lakini dokezo la karani, likishaandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi na tarehe, lilikaa. Mkubwa asiyekubaliana nalo alilazimika kuandika chini yake, kwa wino wake mwenyewe, kwamba hakubali. Ukilifungua jalada baadaye uliwaona wote wawili, aliyeonya na aliyepuuza.

Najua mtakalonijibu: "Aa, maoni hayafutiki, yamo kwenye historia." Yamo, ndiyo. Na jina la aliyebofya limo. Ila nani anaifungua hiyo historia? Waraka ukishageuzwa PDF ukapelekwa kwa mchapaji, maoni hayaendi nao. Mchapaji anapokea ukurasa ambao, kwa jinsi unavyoonekana, hakuna binadamu aliyewahi kuutilia shaka.

Sasa nasema hivi, na anayetaka kunibishia anibishie humuhumu gazetini. Vema atie aliyeuliza, asitie aliyeulizwa. Mkubwa akiona swali ni upuuzi, aandike chini yake neno moja, hata "upuuzi", halafu amwachie muulizaji alifunge mwenyewe. Chombo hakitatulazimisha, kwa hiyo tulazimishane wenyewe, na tuanzie na sisi vijana tunaokaa kimya kwa sababu eti bosi keshapitisha.

Watasema tunachelewesha kazi. Haya, kuandika "kijiko cha chai" kunachukua sekunde ngapi?