Mbio Hazifundishwi kwa Fimbo wala kwa Juma Moja

Leo nina neno la kugombana na walimu wenzangu, nami nitalisema wazi. Kila mwaka, mashindano ya shule yakikaribia, sisi wa milima hii ya Masisi tunaamka kama watu walioshtushwa usiku. Limebaki juma moja tu, ndipo mwalimu anapopuliza filimbi, anawapanga watoto kiwanjani na kuwaambia: «Kimbieni mpaka nguvu zenu ziishe!» Anayebaki nyuma anaonja fimbo. Siku ya mashindano tunashindwa, tunarudi nyumbani na kusema: «Basi, watu wetu hawana mbio.»

Msidhani nawasema wengine tu. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilikabidhiwa vijana wa shule moja hapa Mweso. Alikuwako kijana mwembamba, ambaye kila asubuhi alishuka mlimani na kidumu cha maziwa kabla ya kuingia darasani. Nilimkimbiza siku sita mfululizo bila kumpumzisha. Siku ya saba aliondoka kama mshale, na katika mzunguko wa tatu akaanguka. Watu wakacheka. Nami, kwa aibu yangu, nikamkaripia mbele yao wote. Tangu siku ile hakukanyaga kiwanja tena. Sikumharibu kwa uvivu, nilimharibu kwa haraka.

Tangu hapo nimetafuta kujua wale wanaofaulu wanafanyaje. Nimeona ya kuwa sisi tunashika mawazo matatu ya uongo.

Wazo la kwanza ni hili: kwamba mbio ni damu. Tunasema: «Wakenya wamezaliwa hivyo.» Haya, tutazame. Katika nchi ya New Zealand alikuwako mtu jina lake Arthur Lydiard, mfanyakazi wa kiwanda cha viatu mjini Auckland. Alijifunza mbio kwa kujijaribu mwenyewe barabarani, kisha akawafundisha vijana wa jirani. Siku moja tu ya mwezi wa Septemba 1960, katika Michezo ya Olimpiki ya Roma, wawili katika hao walipata dhahabu: Peter Snell katika mita 800, na Murray Halberg katika mita 5,000. Je, damu ya mabingwa ilijikusanya yote katika mtaa mmoja wa Auckland? Hapana. Kilichokuwako ni mwalimu mwenye subira. Lydiard aliwakimbiza vijana wake miezi mingi mbio ndefu za taratibu, hata kilomita 160 kwa juma moja, ili kwanza moyo na mapafu vipate nguvu. Baadaye akawapandisha vilima. Mwendo wa kasi ulikuja mwisho, mashindano yakiwa karibu. Ni kama kujenga nyumba: hakuna fundi anayeanza na paa.

Wazo la pili ni fimbo. Tunadhani kijana hawezi kujitahidi asipoogopa. Basi twende Iten, mji wa Kenya ulio juu ya bonde kubwa, mwinuko wake kama mita 2,400. Mwaka 1976 alifika huko Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland, mtawa wa shirika la Mtakatifu Patrisi, kufundisha jiografia katika Shule ya St. Patrick. Hakuwa na elimu yoyote ya kufundisha mbio. Alianza kwa kuwatazama vijana na kuwasikiliza, akajifunza kwao. Aliwakimbiza pamoja, taratibu, akatengeneza jinsi wanavyoshika kichwa, mikono na miguu, akawapumzisha. Katika shule hiyo alitoka Peter Rono, aliyepata dhahabu ya mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988, na Matthew Birir, aliyepata dhahabu ya kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992.

Mtazameni hasa David Rudisha. Alifika mikononi mwa Bruda mwaka 2005. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Lakini mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya Berlin, alitolewa katika nusu fainali. Sisi tungemfanyaje? Tungesema amekwisha, tungemtafuta mwingine. Mwalimu wake hakumtupa. Mwaka 2010 Rudisha akavunja rekodi ya dunia ya mita 800, na mwaka 2012 huko London akaivunja tena kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hesabuni: ni miaka saba tangu kufika Iten hadi London. Na sisi tunampa kijana siku saba!

Wazo la tatu ni kwamba ushindi wa mwalimu ndio shabaha. Hapa nawaomba mtazame vyuo vya Marekani, ambako mbio ndefu ni jambo kubwa. Katika Chuo Kikuu cha Colorado, Mark Wetmore alifuata njia ile ya Lydiard: mbio ndefu, miaka mingi, kundi moja linalokimbia pamoja. Timu yake ya wanaume ilitwaa ubingwa wa vyuo katika mbio za nyika mara tano, tangu 2001 hadi 2014. Peter Rono naye alisoma katika chuo kidogo cha Kikatoliki, Mount St. Mary's, alipofundishwa na Jim Deegan. Tena alikuwa bado mwanafunzi alipopata dhahabu yake. Chuo kidogo, mwalimu mwenye uangalifu, basi.

Lakini kuna na habari ya huzuni. Mkenya Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 katika mwaka 1978. Ulimwengu wote ukashangaa. Baadaye pombe ikamshinda, naye akateseka miaka mingi. Mwenyewe alikiri hayo hadharani kabla ya kufa mwaka 2024. Sikumtaja ili kumhukumu. Nimemtaja kwa sababu miguu ya kijana inaweza kukomaa kabla ya moyo wake, na anayefundisha miguu tu amefanya nusu ya kazi. Vilevile Jemima Sumgong, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki huko Rio mwaka 2016, mwaka uliofuata alikutwa na dawa iliyokatazwa, akafungiwa. Njia ya mkato ina mlango mpana, lakini haifiki nyumbani.

Labda mtu atasema: «Katekista, unaota ndoto. Hapa kuna vita, watu wamekimbia mashamba yao, mtoto hula mara moja kwa siku. Mbio gani?» Namjibu hivi: maneno yako ni kweli, wala sitaki kijana mwenye njaa akimbie kilomita nyingi. Asiyekula apumzike, na mahali pasipo salama tusiende. Lakini angalia Kirotshe, katika Masisi yetu hii. Huko alizaliwa Makorobondo Salukombo. Vita vilimfukuza, akafika Marekani, akakimbia katika chuo cha Denison. Kisha akarudi Kirotshe kuwafundisha vijana, na mwaka 2016 akaikimbilia Kongo marathoni ya Rio. Hakuleta medali, nchi yetu haikuwa imepata hata moja ya Olimpiki hadi Paris 2024. Lakini alirudi kwa watoto wa kwao. Huo kwangu ni ushindi.

Tena nauliza: katika nchi hii, nani mwingine anayewaahidi vijana nguvu za haraka? Ni mwenye bunduki. Yeye hamwambii kijana angoje miaka saba. Anamwahidi ukubwa kesho. Sisi walimu tukimfundisha kijana kwamba thamani yake ni ya juma moja, na kwamba akianguka anachekwa na kutupwa, tunamtayarishia huyo mwenye bunduki kazi yake.

Basi tufanye hivi. Tuanze mwanzo wa mwaka wa shule, si mwisho. Mara tatu kwa juma zinatosha. Wakimbie pamoja, kwa mwendo ambao wanaweza kuongea njiani. Anayeshindwa kuongea amekwenda kasi mno. Wakubwa wawangoje wadogo. Wasichana wakimbie nao, tusiwaache nyuma kuchota maji. Mgonjwa alale. Fimbo ibaki kwa mchunga ng'ombe. Tusitafute kombe kabla ya mwaka wa tatu.

Yule kijana wa kidumu cha maziwa bado nakutana naye njiani. Nimemwomba radhi. Alicheka tu, akasema: «Mwalimu, ile siku nilikuwa nimechoka.» Siku sita nilimkimbiza, wala sikumwuliza hata mara moja kama amechoka. Ninyi mlio na vijana mikononi, waulizeni leo.