Kitabu cha Bure na Bei Isiyotajwa

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waandishi chipukizi wa Kiswahili wanaofungua tovuti zao wenyewe wamegundua kuwa mtandaoni hata chema hakina budi kujitembeza, na aghalabu hutembezwa kwa jina la bure. Msomaji hufungua ukurasa, akaona jalada la kupendeza na ahadi ya diwani au riwaya fupi isiyotozwa hata ndururu. Chini ya jalada pana visanduku viwili: cha jina na cha anwani ya barua pepe. Akishavijaza, kiungo cha kupakulia kitabu humfikia baada ya dakika chache. Kuanzia siku hiyo barua humiminika: ya kumkaribisha, ya kusifia kitabu kingine, ya kumkumbusha kuwa bei ya punguzo inakoma usiku wa leo.

Je, kitabu hicho ni cha bure? La hasha. Hiyo ni biashara ya mali kwa mali, ambapo mmoja hutoa kitabu na mwenzake hutoa anwani. Biashara ya aina hiyo haina aibu yoyote. Aibu huingia pale ambapo bei ya upande mmoja haitajwi, mnunuzi akadhani amepewa zawadi.

Historia ya jambo hili ina kinaya. Mwaka wa 1971 Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao, akitumia alama ya @ kutenga jina la mtu na la kompyuta. Mwaka uo huo Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, alipiga chapa Azimio la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta ili yeyote aweze kulisoma. Huo ukawa mwanzo wa Project Gutenberg, maktaba ambayo leo ina vitabu zaidi ya 70,000 na haimtaki msomaji ataje hata jina lake. Barua pepe na kitabu cha kielektroniki, basi, ni marika. Biashara ndiyo iliyokuja kumfanya mmoja kuwa chambo cha kumvulia mwenziwe.

Hata hivyo, anayemlaumu mwandishi wa Kiswahili kwa kutamani anwani hizo hajaielewa hali yake. Nchini Kenya, soko la riwaya na tamthilia za Kiswahili limeegemea mno vitabu teule vya shule za upili. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora iliwahi kushika nafasi ya riwaya teule, ikafuatwa na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kitabu kikiondolewa katika orodha, maelfu ya wasomaji huondoka nacho, wala mwandishi hajui hata mmoja wao alikuwa nani. Asiyeteuliwa kabisa hana hata hao wa kuwapoteza. Orodha ya watu mia mbili walioomba kwa hiari yao kuarifiwa kuhusu kazi yake mpya ni hazina kwake.

Neno la kuzingatia hapo ni hiari. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinamlinda mtu dhidi ya kudaiwa habari zake za faragha pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inaenda mbali zaidi. Kifungu chake cha 32 kinampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Aidha, kinaelekeza kuwa katika kupima iwapo ridhaa ilitolewa kwa hiari, hutazamwa pia kama huduma ilifungwa kwenye ridhaa ya kutumia data isiyohitajika katika huduma hiyo. Kitabu kinaweza kupakuliwa kwa kubonyeza kiungo tu. Anwani, kwa hivyo, haihitajiki ili kitabu kimfikie msomaji; inahitajika ili muuzaji amfikie msomaji baadaye. Hayo ni mambo mawili, na yastahili kuombwa mbalimbali.

Wapo watakaopinga kuwa mkono mtupu haulambwi: mwandishi akitoa kitabu bila kudai chochote, atabaki na nini? Jibu limo katika tabia ya wasomaji wenyewe. Anayelazimishwa kutoa anwani hutoa ya uongo, au ile ambayo haifungui tena, au hupakua kitabu na kujiondoa siku hiyo hiyo. Orodha hunenepa ilhali hadhira ni ile ile. Mwaka wa 1999 Mmarekani Seth Godin alichapisha Permission Marketing, kitabu kinachotetea wazo kuwa ujumbe wa muuzaji una thamani pale tu mpokeaji anapoutarajia. Mwaka uliofuata alitoa Unleashing the Ideavirus bila malipo mtandaoni, na bado toleo la karatasi likauzwa.

Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuanza kwa hatua chache. Aweke sura mbili za kwanza wazi kwa kila mtu, katika faili nyepesi isiyomaliza bando la mwanafunzi. Mwishoni mwa sura hizo aombe anwani, akitaja bayana atakachotuma na mara ngapi kwa mwaka. Asidai nambari ya simu wala ya kitambulisho. Atume barua ya kuthibitisha, ili asije akasajiliwa mtu na mwingine. Kila barua iwe na njia ya kujitoa, na orodha isiuzwe wala kuazimwa.

Alhasili, anwani ya msomaji ni amana. Fasihi ya Kiswahili ina wasomaji wachache mno nje ya darasa kuweza kumudu kuwakimbiza kwa hila ya jalada moja. Atakayetajiwa bei mlangoni na bado akaingia, huyo ndiye atakayenunua kitabu cha pili.